Mashua ya Mwalimu na Kisima Changu

Mume wangu alifundisha jiografia kwa miaka thelathini na mbili. Alifundisha kusi na kaskazi, mikondo ya bahari, kupwa na kujaa, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kumwuliza kama amewahi kupanda chombo. Hajawahi. Safari yake ndefu kuliko zote juu ya maji ni kivuko cha Kigamboni, na hata hapo alikaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Ndiyo huyo aliyestaafu, akakaa nyumbani wiki mbili akikagua uzio ambao haukuwa na tatizo, kisha asubuhi moja akaweka kikombe chini na kusema, "Mama watoto, nataka kujenga mashua."

Nilidhani amesema anataka kujenga banda. Nikamwambia ajenge.

Sasa, nyumba yetu iko Newala. Mji huu umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu. Ukisimama mwisho wa barabara unaiona Ruvuma huko chini, nyembamba kama uzi ulioanguka sakafuni. Unaiona, huinywi. Maji ya bomba huja yakijisikia. Kwa hiyo kila nyumba yenye akili ina kisima uani, shimo lililosakafiwa kwa saruji, linalopokea mvua kutoka kwenye bati. Mvua ikishakata, kilichomo ndicho kilichomo mpaka mwisho wa mwaka. Changu nakipima kwa ufito. Nautumbukiza, nautoa, nasoma unyevu ulipofikia, kisha nautumbukiza tena, kwa sababu kipimo cha kwanza huwa kinadanganya. Nauza mchele na kunde sokoni, navijua vipimo vinavyodanganya. Vingine ni vyangu.

Nilipoelewa kwamba ni mashua kweli, yenye tanga, sikupiga kelele. Kelele ni za mtu asiyejua bei. Nilimpa masharti. Uwanja atapata, upande wa mpapai. Fundi atamlipa mwenyewe kwa kiinua mgongo chake. Lakini maji ya kisima hayagusi, hata kikombe kimoja. Siku nitakayokuta kikombe kimoja kimekwenda kwenye mashua, mashua ni kuni.

"Nimekubali," akasema papo hapo.

Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Mtu anayekubali bei ya kwanza hana nia ya kulipa.

Mbao tulizifuata Masasi. Nilikwenda naye kwa sababu siwezi kuvumilia mtu wa nyumba yangu aibiwe na mtu mwingine. Nilimwagiza jambo moja tu: anyamaze. Tukaingia kwa muuza mbao, Mwalimu akaweka kiganja juu ya mninga kama anampapasa ng'ombe wa mahari, akasema kwa sauti, "Mbao safi sana hizi! Tazama nyuzi zake!"

Nikamkanyaga mguu.

"Unanikanyaga," akasema.

Muuza mbao akatabasamu, akataja bei ya mtu aliyesifiwa mali. Nikamtajia nusu yake. Akaniuliza, "Mama, unajenga nyumba?"

"Banda la kuku," nikasema, maana banda la kuku lina bei yake na nyumba ina bei yake.

"Mashua," akasema Mwalimu.

"Mashua ya wapi, mzee?"

"Newala."

Yule bwana akakaa chini juu ya mbao zake. Akamwita mwenzake aliyekuwa akiranda huko nyuma. "Njoo usikie. Mzee, sema tena." Na Mwalimu, ambaye hajawahi kukataa kurudia somo, akasema tena, polepole, kwa sauti ya darasani: mashua, futi kumi na mbili, Newala.

Walipomaliza kufuta machozi, muuza mbao akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu alianza lini?"

"Tangu astaafu."

"Pole sana. Chukua kwa bei uliyosema."

Katika biashara nimewahi kupunguziwa kwa kulia, kwa kuondoka, na mara moja kwa kujifanya mjane. Kupunguziwa kwa sababu ya mume niliyenaye ilikuwa mara ya kwanza, nikaiweka akilini kwa matumizi ya baadaye. Mbao nilizihesabu zikapatikana ishirini na tatu. Nikahesabu tena, zikawa ishirini na mbili na moja iliyopasuka, iliyolazwa chini kwa adabu. Ikabadilishwa.

Mbao zilinyooka. Shida ilikuwa mataruma, yaani mbavu za chombo, ambazo zinataka mti uliopinda wenyewe tangu utotoni. Na huku kwetu kama kuna mti usiojua kunyooka ni mkorosho. Kwa hiyo Mwalimu alikata waya, akaukunja kwa umbo la ubavu anaoutaka, akaenda kutembea katika mashamba ya watu Chiungutwa, amenyoosha waya wake juu, anapima matawi kwa jicho moja. Mwezi wa saba. Mikorosho imejaa maua.

Shamba la kwanza lilikuwa la shangazi yake, bibi aliyezaliwa na mdomo kabla ya miguu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huo waya ni wa kuniloga au wa kuniibia?"

"Natafuta tawi lililopinda."

"Yaliyonyooka yamekukosea nini?"

Akamweleza habari ya mbavu za mashua. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Mke wa mwanangu, hata mwizi hungoja korosho. Huyu anataka kukata maua! Mliishi huko mikoani miaka mingapi?"

Nilimwona anavyokunja khanga, nikajua tukikaa dakika mbili zaidi tutafukuzwa kwa jina la ukoo. Nikamwuliza kama hana mkorosho ulioanguka. Alikuwa nao, mpakani, umelala tangu mvua. Alikuwa ameshaupigia hesabu ya kuni. Lakini aliposikia kwamba tunataka matawi yaliyopinda tu, akagundua hapo hapo kwamba yaliyopinda ni ya thamani sana, ni ya urithi, marehemu mumewe aliyapenda. Tulivutana mpaka jua likahama. Tukamalizana kwa debe la kunde, na mimi nikiwa nimeshindwa kidogo, jambo ambalo Mwalimu hakuliona, kwa sababu alikuwa amekumbatia tawi.

Fundi alikuwa seremala wetu wa siku zote, wa milango na majeneza. Alikuja na futi, akasoma mchoro wa Mwalimu, akapima upana wa chombo mara moja, akauliza, "Marehemu alikuwa na mwili mkubwa?"

Jina la Nuhu alipewa siku ya pili, na kila aliyemwita alidhani yeye ndiye wa kwanza. Jumapili baada ya ibada katekista mmoja mzee alimshika mkono mlangoni mwa kanisa. "Mwalimu, Nuhu aliagizwa. Wewe umeagizwa na nani?"

Nilijibu mimi. "Tena Nuhu aliahidiwa maji."

Mashua ikapanda. Sitasema uongo, ilipanda vizuri. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, chini, mbavu za mkorosho zimekaa kama vidole vya mtu anayeomba, mbao zimezifuata. Misumari alinunua mia nne. Nilipohesabu iliyogongwa na iliyobaki nikapata mia tatu tisini na nane, na ile miwili niliikuta kwenye mlango wa choo cha fundi. Nafasi za mbao Mwalimu alizikalafati mwenyewe, akishindilia pamba iliyolowa mafuta ya ufuta kwa patasi butu. Nje akapaka mafuta ya maganda ya korosho, kuzuia mchwa. Kila mtoto wa huku anajua kwamba mafuta hayo yanaunguza ngozi. Mtaalamu wa jiografia alijifutia jasho nayo. Uso ulivimba mpaka macho yakawa mistari, na ndiyo maana ndani ya mashua hakupaka: alikuwa hapaoni.

Mwezi wa tisa ikawa imekwisha, mlingoti umelazwa pembeni. Ikapigwa na jua la kiangazi na ule upepo mkavu wa huku juu. Wiki mbili baadaye niliinama kukamata kuku upande mmoja wa mashua, nikamwona Mwalimu upande wa pili. Nilimwona kupitia kwenye mashua.

Tulimwita jirani yetu, afisa wa halmashauri, mtu wa kutoka Kanda ya Ziwa, ambaye alikuwa mtu pekee mtaani aliyewahi kulowa kwa hiari. Akaizunguka, akachungulia kwenye nyufa, akagonga ubao.

"Mwalimu, chombo ni kizuri. Ukikitia majini leo kitazama kwa heshima zote."

"Nimekalafati kila mahali."

"Mbao zimekauka, zimesinyaa. Zinataka kunywa kwanza. Kwetu tunakijaza maji kikakaa siku mbili tatu, zinavimba, zinabanana. Ukikisafirisha hivi mpaka baharini Mikindani na jua hili, utafika na kuni zenye misumari."

Wote watatu tukageuka kutazama kifuniko cha kisima changu. Nikaenda nikakikalia.

Mwalimu alianza kunibembeleza siku hiyo hiyo, akiwa hajui kabisa kubembeleza.

"Ndoo thelathini."

"Hapana."

"Ishirini."

"Mwalimu, mtu akikwambia hapana, unampunguzia nani?"

"Kumi. Mvua ikinyesha nitazirudisha."

"Mvua itazirudisha yenyewe bila wewe. Na mashua ikigusa kikombe kimoja unajua inakwenda wapi."

"Jikoni," akasema, kama mwanafunzi.

"Jikoni."

Akanyamaza. Nikafurahi kwamba amenyamaza, na hilo lilikuwa kosa la kibiashara.

Mwezi wa kumi ufito ukaanza kunipa habari mbaya. Matumizi yetu nayajua: ndoo mbili kwa siku, moja ya jiko, moja ya kuoga, nusu yake na nusu yangu. Maji yalitakiwa kushuka unene wa kidole kwa siku kadhaa. Yakashuka vidole viwili. Nikapima tena. Viwili. Nikakaa siku tatu nikipima asubuhi na jioni, na kila mara kulikuwa na maji yaliyokwenda ambayo si mimi niliyeyateka. Mtaani hakuna mwizi wa maji anayeweza kupita mbwa wetu. Ndani ya uzio tuko wawili.

Nikaenda kwenye mashua, nikafunua turubai. Ndani yake alikuwa ametandika magunia, kutoka tezi hadi omo, yaani nyuma mpaka mbele, yamebanwa kwenye kila kiungo cha mbao. Nikashika. Yalikuwa yamelowa.

Sikukasirika. Nilikwenda jikoni nikachukua shoka, kwa sababu mkataba ni mkataba, nikarudi nikamkuta amesimama mbele ya mashua yake amenyoosha mikono, kama kipa.

"Hayo ni maji yangu ya kuoga," akasema.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

Nilisogea hatua moja, nikanusa. Ushahidi ulikuwepo. Nikakumbuka kwamba kanisani Jumapili mbili mfululizo watu walituachia nafasi kubwa kwenye benchi, na mimi nikadhani ni heshima ya mwalimu mstaafu.

"Maji ya kuoga ni ya kisima," nikasema. "Kisima kimeguswa."

"Ni fungu langu. Ulinipimia mwenyewe, nusu ndoo. Wewe mchele ukishampimia mteja, unamfuata nyumbani kuona anaupikaje?"

Niliitafuta kasoro ya neno hilo kutoka juu hadi chini. Sikuiona. Miaka yote ile ya ndoa ameishi na mimi kama mtu asiyesikia nikifanya biashara, kumbe anasikia. Nikaliegemeza shoka ukutani. Sikulirudisha jikoni.

"Nusu ndoo haishushi vidole viwili," nikasema. "Nyingine umepeleka wapi?"

"Sijachukua nyingine."

Nilitaka kutomwamini, lakini ile harufu ilikuwa upande wake. Mtu anayeiba maji huwa angalau anaoga. Tukafunga kifuniko, siku nzima hatukuteka hata tone, tukala mihogo ya kuchoma na kunywa maji ya dukani. Asubuhi nikatumbukiza ufito. Yameshuka. Akashika tochi, mimi nikamshika mkanda asitumbukie, akatazama ukuta wa ndani kipande kwa kipande mpaka akauona: ufa kwenye kona, na mzizi wa mpapai umeingiza ncha yake humo, unakunywa taratibu, mengi kuliko sisi wote.

Mjenzi wa visima alikuja akasema alichosema: kitolewe maji yote, ufa upasuliwe, uzibwe kwa saruji, ukae siku tatu. Usipozibwa, mpaka mvua ifike kisima kitakuwa kimekauka, na mwezi wa kumi na moja Newala maji hununui, unayaomba.

Nikahesabu vyombo. Pipa moja. Ndoo sita, moja ina ufa. Beseni mbili, sufuria ya shughuli, madumu matatu. Nikahesabu tena, kama vile pipa la pili lingeweza kuzaliwa katikati ya hesabu. Kuazima usiseme, msimu ule ukimwomba jirani pipa ni kama unamwomba mke. Kisimani, kwa ufito wangu, kulikuwa na ndoo sitini na ushei. Vyombo vyangu vyote pamoja vingebeba ishirini.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu yangu. Nampa sifa hii: hakusema kitu. Hata mashua hakuitazama. Alitazama mpapai.

Ni mimi niliyekwenda kwenye mashua. Nikaizunguka mara mbili. Nikachungulia kwenye zile nyufa nilizomwonea; zilikuwa zimebanana, lakini nyingine sikuwa na uhakika nazo.

"Inavuja?" nikamwuliza.

Mwuzaji yeyote niliyemjua angesema haivuji. Alikuwa na miezi mitano ya kuitamani siku ile, na jibu moja tu lilitosha.

"Sijui," akasema. "Magunia yamesaidia. Lakini sijui. Ikivuja, maji yako ndiyo yameisha."

"Weka mifuko ya mchanga chini yake isipasuke," nikasema. "Halafu lete ndoo."

Yalikuwa maji yetu ya wiki nne, yote, na nilikuwa nayamimina kwenye kitu kilichojengwa na fundi wa majeneza kwa mchoro wa mtu wa kivuko. Ndoo ya kwanza ilipoingia, nilisikia tone likianguka nje. Ya tano, matone yakawa matatu, kisha mstari mzima wa ubao wa nne ukaanza kutoa jasho. Nikaingiza beseni chini, kila kilichodondoka nikakirudisha juu. Ndoo ya ishirini Mwalimu alikuwa kifudifudi chini ya mashua na patasi yake, anashindilia pamba, matone yanamwangukia usoni, na mimi nikamwambia afumbe mdomo asinipunguzie maji.

Mtaa mzima ulikuwa umefika kwenye uzio.

"Mama Mwalimu! Mbona maji yako ndani na nyinyi mko nje?"

"Amesoma kitabu kwa kukigeuza juu chini!"

"Haya, Mwalimu, panda basi tuone!"

"Anayecheka alete pipa," nikasema, na uzio ukapungua watu ghafla.

Ziliingia ndoo arobaini na tatu. Mchana niliweka kigoda pembeni nikahesabu matone ya ubao wa nne kwa saa ya Mwalimu: thelathini na moja kwa dakika. Alasiri, kumi na tisa. Afisa akapita akasema, "Inakunywa, Mama, iache inywe." Jua lilipokuwa linazama, sita. Asubuhi beseni lilikuwa na kiasi cha kikombe, na ubao wa nne ulikuwa mkavu kama kauli ya mdai.

Siku tatu tulikunywa kutoka kwenye mashua. Chai ilinukia mbao na ufuta. Watu ambao walikuwa wanacheka walipita na vibuyu vyao kuuliza habari zetu.

Tulipoyarudisha kisimani zilitoka kwenye mashua ndoo thelathini na nne; ukijumlisha sita tulizokuwa tumezitumia zinakuwa arobaini, kwa hiyo mashua yenyewe ilikuwa imekunywa tatu. Nilikuwa nafungua mdomo kumdai Mwalimu ndoo tatu, akanitangulia.

"Kikombe kimoja, ulisema. Umetia arobaini na tatu, kwa mkono wako."

"Ilikuwa dharura."

"Mkataba haukutaja dharura. Aliyeuvunja ni wewe. Na mimi nitataja faini."

Alitaja. Siku mashua itakapoingia majini Mikindani, nami niwe ndani.

Nikampa kusimama ufukweni. Akatikisa kichwa. Nikampa kukaa ndani ikiwa imefungwa kamba. Akatikisa kichwa. Nikampa ndani, bila kamba, maji yasipite magoti. Akatazama mbali, kama mtu anayekaribia kuondoka dukani, na mimi nilipoona namna anavyosimama nilijua nimefundisha mtu. Tukamalizana kwenye kiuno.

Fuso lililokuwa linapeleka korosho Mtwara liliibeba juu ya magunia, imefunikwa magunia mabichi, na Tandahimba watu walisimama barabarani kuitazama ikipita. Mikindani wavuvi waliuliza inatoka wapi. Tulipowaambia, mmoja alimwita mwenzake aje asikie.

Haikuvuja. Mwalimu alipandisha tanga, akanieleza upepo unatoka wapi, kwa nini, na unaitwaje, na muda huo wote ulikuwa unatusukuma kinyumenyume kuelekea kwenye mikoko. Alivuta kamba moja, tukazunguka. Alivuta nyingine, tukazunguka tena. Nilikuwa nimekaa katikati, mikono yangu imeshika kingo zote mbili.

"Mwalimu," nikamwambia, "shuka usukume."

Akashuka. Maji yalimfika kiunoni, kama tulivyopatana. Akaweka kifua kwenye tezi, akasukuma, anahema, anacheka, na mashua ya Newala ikaenda vizuri sana.